Kiiwei ya krenki ya Escudo imelika: usikubali ichomelewe kabla hujapima

Swali lenyewe kwa ufupi: msomaji yuko Morogoro, ana Suzuki Escudo ya zamani yenye injini ya G16A. Alibadilisha taimingi belti pamoja na sili ya mbele ya krenki, ile shafti ya chini inayozungushwa na pistoni, gari ikatembea vizuri kwa muda, afu ikaanza kukosa nguvu mlimani, ikawa inapandisha joto, na mbele ya injini kukawa na mlio fulani hivi wa chuma kugonga ikiwa imesimama inaunguruma. Fundi kafungua kakuta kii ya gia ya chini, kile kipande kidogo cha chuma kinachokaa kati ya gia na krenki, imeliwa nusu na kiiwei, yaani ule mfereji kwenye pua ya krenki ambamo kii inakaa, umepanuka. Fundi mmoja anamwambia achomelee gia moja kwa moja kwenye krenki "yaishe", mwingine anamwambia anunue injini. Anauliza amsikilize nani.

Mkuu, kwa sasa usimsikilize yeyote kati yao. Hakuna hata mmoja aliyekuambia mfereji umepanuka kwa kiasi gani, na hilo ndilo linaloamua kila kitu kinachofuata. Mfereji uliolika robo ya milimita ni kazi ya siku mbili na pesa ndogo tu, ukilika milimita mbili na pua yenyewe ikawa imechakaa hapo ndo tunaongea habari za krenki nyingine. Mtu anayekutajia dawa bila fila geji (yale majani membamba ya chuma ya kupimia mianya) mkononi anakisia kama wewe tu.

Kwanza tuelewane hii kitu inavyofanya kazi, maana mafundi wengi wanadhani ile kii ndiyo inayobeba kazi ya kuzungusha gia. Hapana aisee. Kii kazi yake ni kuonyesha gia ikae wapi, basi, ili alama za taimingi zije pale zinapotakiwa. Kinachobeba mzigo ni bolti kubwa ya kati, ambayo inaibana gia dhidi ya bega la krenki kwa nguvu kubwa mpaka vile vyuma viwili vinashikana kwa msuguano na kwenda kama kitu kimoja. Bolti ikiwa imekaza sawasawa kii inakaa tu pale haina shida, unaweza ukaifungua baada ya miaka mingi ukaikuta bado ina kingo zake kali. Ila bolti ikilegea hata kidogo, gia inaanza kucheza mbele na nyuma kila pistoni inaposukuma, kwa sababu krenki haizunguki kwa mwendo ule ule muda wote, inaongeza kasi kila silinda inapochoma na inapunguza ikifika kwenye mgandamizo, na kwenye mwendo wa mapinduzi 3000 kwa dakika injini ya silinda nne inapata misukumo 100 kila sekunde. Hapo kii inageuka nyundo. Inapiga ukuta wa mfereji, ukuta unapanuka, inapata nafasi zaidi, inapiga kwa nguvu zaidi.

Kwahiyo ugonjwa wako ulianzia kwenye bolti. Hii G16 inajulikana kwa tatizo hili na sababu yake ni ya kimaumbile kabisa, puli ya nje imefungwa kwenye gia kwa vibolti vidogo vya pembeni, na ile bolti kubwa ya kati inashika gia. Ukibadilisha belti peke yake huna haja ya kuigusa ya kati, unatoa vile vidogo, puli inatoka, unaendelea na kazi yako. Ila wewe ulibadilisha na sili ya krenki, na sili iko nyuma ya gia, lazima bolti ya kati ilifunguliwa. Nina uhakika karibu wote kwamba ilirudishwa ile ile ya zamani, ikakazwa kwa kukadiria au kwa mashine ya upepo, pengine na oili imemwagika kwenye uso wa gia. Simlaumu fundi wako hadharani ila ndo hivyo.

Wala si Suzuki tu. Mazda MX-5 za mwanzo zile za 1.6 zilipata jina baya kwa ugonjwa huu huu, pua ya krenki ilikuwa fupi na bolti ndogo, mpaka kiwanda kikabadilisha krenki mwaka 1991 kikaweka pua ndefu na bolti kubwa zaidi. Dawa nyingi ninazokuambia hapa wenye zile gari walishazijaribu miaka mingi, zinazofanya kazi na zisizofanya zinajulikana.

Kuna jambo moja la hii injini ambalo linawachanganya hata mafundi wazuri. Kwa kuwa puli imefungwa kwenye gia, gia ikiteleza kwenye krenki basi na puli inateleza nayo, pamoja na alama yake. Na distribyuta, ile inayogawa moto kwenye plagi, inaendeshwa na kemshafti, shafti ya juu inayofungua vali, ambayo inaendeshwa na belti kutoka kwenye gia hiyo hiyo. Maana yake fundi akileta taa ya taimingi akamulika puli, taa inamwambia taimingi iko sawa kabisa, wakati pistoni iliyoko ndani haiko pale alama inaposema. Vyote vimechelewa pamoja. Gari haina nguvu, inachemka, mnabadilisha plagi, mnasafisha kabureta, mnaosha rejeta, na taa inaendelea kusema sawa. Kwa hesabu tu, pua ya krenki ikiwa na kipenyo cha milimita 28, kila milimita moja ya pleyi (nafasi ya kii kucheza) kwenye mfereji ni karibu nyuzi 4 za krenki. Nyuzi 4 za kuchelewa zinatosha kabisa kuifanya Escudo yenye cc 1590 ilie ikipanda mlima Kitonga.

Haya sasa kupima. Toa kila kitu pale mbele: puli, kava, belti, gia, ile sahani ya nyuma ya belti kama ipo. Usioshe haraka. Angalia kwanza kama kuna unga wa rangi ya kahawia iliyoiva kama kutu kuzunguka kii na kwenye uso wa gia pale inapokaa kwenye bega. Ule unga si kutu ya maji, ni chuma kilichosagika kwa kusuguana bila kukazwa, ukiuona umeshapata ushahidi kwamba gia ilikuwa inacheza muda mrefu. Baada ya hapo ndo uoshe kwa brake kilina au thina mpaka pua ing'ae.

Chukua kii MPYA, siyo ile iliyoliwa, iweke kwenye mfereji, isukume mpaka iguse ukuta mmoja, afu ingiza fila geji upande wa pili. Injini inazunguka kisaa ukiitazama kwa mbele, kwahiyo mfereji ukiwa juu ukuta wa kushoto ndio unaosukuma na kwa kawaida ndio unaolika zaidi, wa kulia unakuta uko salama au umeliwa kidogo. Andika namba. Pima sehemu tatu, mwanzo wa mfereji, katikati na ndani, maana mara nyingi umepanuka kwa nje kama mdomo wa tarumbeta na ndani bado uko mzima, na hilo ni habari njema kwako.

Pili, vaa gia kwenye pua bila kii, ichezeshe kwa mkono juu chini. Inatakiwa iingie kwa kubana kidogo, isitikisike. Ikitikisika basi pua imechakaa na kii mpya peke yake haitakusaidia kitu, utakuwa unarudi gereji. Mfereji wa kwenye gia nao uangalie ila huo usikunyime usingizi, gia inanunuliwa.

Tatu, nyufa. Pembe za chini za mfereji ndipo zinapoanzia. Kama huna ile dawa nyekundu ya kuonyesha nyufa, paka mafuta ya taa, acha dakika kadhaa, futa kavu kabisa, afu sugua chaki nyeupe pale juu. Kama kuna ufa mafuta yaliyojificha ndani yatatoka taratibu na utaona mstari mweusi mwembamba kwenye chaki. Ukiuona huo mstari, acha kila kitu, hiyo krenki ni chuma chakavu na usikubali mtu akushawishi vinginevyo.

Nne, na hii watu hawaifanyi kabisa, angalia bolti kama haifiki mwisho wa tundu kabla haijaibana gia. Gia ikishalika usoni, au mtu akisahau woshea nzito, bolti inagota chini ya tundu, wewe unahisi imekaza kisawasawa na toki renchi inalia tiki, kumbe gia haijabanwa hata kidogo. Zungusha bolti kwa mkono bila gia mpaka ifike mwisho, pima kwa venia kilichobaki nje kutoka kwenye bega la krenki hadi chini ya kichwa cha bolti. Kile kipimo lazima kiwe kidogo kuliko unene wa gia pamoja na woshea yake. Na hakikisha tundu halina oili iliyojaa ndani, oili nayo inafanya mchezo huo huo.

Ukishapata namba tunaweza kuongea.

Kama pleyi iko chini ya nusu milimita na pua haitikisiki, usichomoe krenki. Nunua kii mpya, gia mpya, bolti mpya na woshea yake, na kichupa cha gundi ya chuma ya kushikia beringi kwenye shafti, Loctite 660 ndiyo imetengenezwa kwa mianya mikubwa ya namna hii. Angalia usiuziwe gundi ya kushikia nati, ile ya bluu au nyekundu ya kawaida, hiyo ni kitu kingine. Sukuma kii iguse ule ukuta ambao haujalika ili taimingi irudi pale kiwanda kilipoiweka, afu pengo la upande wa pili lijaze na shimu ya chuma, yaani kipande chembamba cha kuziba pengo. Shimu nzuri kuliko zote ni jani la fila geji yenyewe, chagua lenye unene unaoingia kwa kugongwa kidogo, likate kwa saizi ya mfereji. Usitumie kopo la soda, lile la alumini linasagika wiki ya kwanza. Paka gundi kwenye mfereji na kwenye pua, kidogo tu na mbali na sili, vaa gia, kaza, futa iliyozidi, na usiwashe gari mpaka kesho yake muda kama huo. Saa 24. Najua mwenye gari anakuwa na haraka ila ukiwasha kabla haijakauka umetupa hela.

Hii dawa watu wanaidharau kwamba ni gundi tu. Kumbuka nilichosema hapo juu, mzigo unabebwa na bolti. Gundi na shimu kazi yake ni kuzuia kii isipate nafasi ya kuanza kupiga tena.

Kuanzia nusu milimita hadi kama milimita moja na nusu hivi, mfereji ukiwa umelika mpaka ndani, hapo unahitaji fundi wa mashine ya milingi, siyo fundi wa tupa na tindo. Anapanua mfereji unyooke hadi saizi inayofuata, mfano kutoka milimita 5 kwenda 6, afu anachonga kii ya ngazi, chini nene inaingia kwenye krenki, juu nyembamba inaingia kwenye gia. Kii hiyo ichongwe kwa chuma cha kaboni ya kati kile cha kutengenezea shafti na kii, isiwe msumari, wala isiwe kipande cha tupa kuukuu kwa sababu tupa ni ngumu lakini inavunjika kama kigae. Shida ya njia hii ni kwamba krenki lazima itoke ili ifungwe kwenye mashine, na krenki ikitoka maana yake injini imeshuka, sampo (bakuli la oili la chini) imefunguliwa, beringi mpya, gasketi, sili zote. Kwahiyo piga hesabu ya jumla, usiangalie bei ya kuchonga peke yake.

Wengine watakuambia wachonge mfereji mpya upande wa pili wa pua, nyuzi 180, ule wa zamani uachwe. Inawezekana na nimeona ikidumu, ila hesabu meno ya gia kwanza. Yakiwa shufwa, unageuza gia unaweka alama mpya na maisha yanaendelea. Yakiwa witiri, nusu duru inakuangusha katikati ya meno mawili, taimingi inakuwa nje kwa nusu jino na hakuna namna ya kuirekebisha kwa belti. Na kama injini ina sensa ya krenki inayosoma alama kwenye gia au puli, ndo kabisa usijaribu.

Sasa hili la kuchomelea gia kwenye krenki. Najua zipo gari zinatembea hivyo, mtu atakuambia "yangu ina miaka mitatu". Ila fikiria sili ya mbele iko nyuma ya ile gia, na pampu ya oili iko pale pale. Siku sili ikivuja, na joto la kuchomelea lenyewe linaweza kuiunguza siku hiyo hiyo, utaitoaje? Utakata gia kwa grainda ukiwa umeinamia kwenye rejeta, na kila cheche inaelekea kwenye mdomo wa sili. Halafu fundi akikosea jino moja siku ya kuchomelea, umekosea moja kwa moja. Kuna lingine baya zaidi ambalo halionekani: wengi wanabana waya wa ardhi kwenye bloku au kwenye betri, afu wanachomelea kwenye krenki, umeme wote ule unapita kwenye beringi za krenki kutafuta njia ya kurudi, unatoboa vishimo vidogo kwenye beringi na kwenye uso wa krenki. Baada ya wiki chache injini inaanza kugonga chini na hakuna anayejua kwanini.

Kujaza mfereji kwa weldingi afu kuuchonga upya ni habari tofauti, hiyo inafanyika, ila krenki ikiwa nje, kwa mtu mwenye mashine ya TIG anayejua kupasha joto taratibu, afu inarudi kwenye lethi kunyooshwa na dayo geji, ile saa ya kupimia, inapitishwa kuona kama pua haijapinda. Kwa gari ya thamani kubwa sawa. Kwa Escudo, ukishafika huko mimi ningetafuta krenki ya mtumba au injini nzima, hizi G16 zilifungwa kwenye gari nyingi na Dar ukizunguka Ilala na Kariakoo hukosi. Ukinunua injini ya mtumba, kabla hujalipa mwambie muuzaji afungue puli na uone kii na pua yake mwenyewe. Wengi wanakagua oili na kuzungusha krenki kwa mkono tu, unaenda kununua ugonjwa ule ule ulioukimbia.

Kukaza. Namba sahihi ichukue kwenye kitabu cha injini yako maana matoleo yanatofautiana, ila kwa G16 bolti ya kati inazidi Nm 100, kwahiyo spana fupi na mkono mmoja hauifikishi. Toki renchi huna? Chukua mzani ule wa ndoano wanaopimia magunia, bomba lenye urefu wa nusu mita kutoka katikati ya bolti hadi ndoano, vuta kwa pembe mraba. Kilo 24 kwenye nusu mita ni kama Nm 118, kilo 22 ni kama 108, piga mwenyewe hesabu ya namba uliyoipata. Ni bora mara mia kuliko impakti, yaani ile mashine ya upepo, hiyo hujui imekaza kiasi gani na mara nyingine inakaza kichwa cha bolti kilichokwama tu. Uso wa gia na bega la krenki viwe vikavu havina oili. Kuzuia krenki isizunguke shika kwenye meno ya flaiwili kupitia dirisha la chini, au gari ya manyuo weka gia ya tano mtu akanyage breki kwa nguvu zote. Usizuie kwa kubana belti wala kuchomeka bisibisi kwenye gia, utaharibu ulichotoka kutengeneza.

Ukishafunga, hakiki TDC ya kweli, yaani pale pistoni inapofika juu kabisa, usiiamini alama ya puli. Toa plagi ya silinda ya kwanza, ingiza kijiti kirefu kisichovunjika, kiweke alama, afu sukuma gari taratibu kwenye gia ya tano kuelekea mbele. Kijiti kikipanda kikafika alama yako, chora mstari kwenye puli, endelea kusukuma kwa mwelekeo ule ule kipite juu kishuke hadi alama hiyo hiyo tena, chora mstari wa pili. Katikati ya mistari miwili ndipo pistoni ilipo juu kabisa. Linganisha na alama ya kiwanda. Puli ya milimita 140 ikipishana milimita 5 basi uko nje kwa nyuzi 4 na kazi haijaisha. Vikilingana, sasa unaweza kuleta taa ya taimingi, na safari hii itakuambia ukweli.

Ule mlio wa mbele unaweza kuwa ni gia tu ilikuwa inapiga, unafanana sana na mlio wa beringi ya mkono wa pistoni na watu wameshashusha injini nzima kwa sababu hiyo. Kwahiyo usifungue sampo kabla. Funga mbele kwanza, sikiliza, pima kompresheni ya silinda zote nne, na kama mlio umeondoka umeokoa hela nyingi.

Mwisho paka rangi mstari mmoja unaovuka kichwa cha bolti, woshea na gia. Tembea kama kilomita 500 afu fungua puli na kava uangalie. Mstari ukiwa umekatika, bolti inageuka, nitumie namba zako za fila geji tuanzie hapo.